Kabla ya kuuliza wanatoa ngapi, tuulize jina letu linakwenda wapi

Juzi jioni tulikuwa maskani, nyuma ya steji ya Bombolulu, vijana kama sita hivi na kahawa tungu mkononi. Ujumbe ukaingia kwenye grupu letu la WhatsApp. Kwa ufupi ulisema hivi: wanatafutwa vijana wa miaka 18 hadi 35, wenye afya nzuri, washiriki utafiti wa kiafya, nauli italipwa, tuma jina, umri na kitambulisho kwa nambari hii. Jina la taasisi halikuwepo. Ugonjwa unaotafitiwa haukutajwa. Ilikuwepo nambari ya simu tu.

Swali la kwanza kuulizwa pale lilikuwa moja: "Wanatoa ngapi?"

Hakuna aliyeuliza utafiti ni wa nini. Kahawa haijapoa, watatu kati yetu wameshatuma. Mmoja alituma mpaka picha ya kitambulisho, mbele na nyuma. Nami nisijifanye mjuaji hapa. Nilikuwa nimeshaanza kuandika jina langu, simu ikazima chaji. Fundi simu kuishiwa chaji, walinicheka mpaka basi. Lakini ile chaji iliponiishia ndipo nikapata nafasi ya kufikiri.

Mimi kazi yangu ni kurekebisha simu, na nasomea mambo ya kompyuta jioni. Kwa hivyo jambo hili nimelitazama pande zote mbili, upande wa kijana wa mtaa na upande wa mtu anayejua programu inavyofanya kazi. Maoni yangu ni kwamba sisi wa Bombolulu, Ziwa la Ng'ombe, Kisimani na huku kote tunahitaji programu ya kutuunganisha na watafiti wa tiba. Tunaihitaji sana, kuliko tunavyodhani. Ila grupu la WhatsApp si programu hiyo, na dalali anayeuza majina yetu ndiyo kabisa. Mradi wowote utakaoletwa hapa ukiwa hauwezi kunihakikishia kwamba jina langu halitoki mpaka mimi niseme ndiyo, na kwamba majibu ya utafiti yatanirudia, basi bora tubaki kama tulivyo.

Najua wapo watakaosema ati utafiti wa tiba ni mambo ya wazungu kutufanya panya wa maabara. Hoja hiyo haikutoka hewani. Aprili 2020, Corona ikiwa imepamba moto, madaktari wawili wa Ufaransa walikaa kwenye televisheni wakaongea juu ya kufanyia majaribio Afrika, na bara zima likawaka. Hata Didier Drogba alijitokeza kusema Afrika si maabara. Hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini baada ya hasira, mgonjwa bado ni mgonjwa.

Tazama jirani zetu. Ukipanda matatu hapa Bombolulu ukapita Bamburi, ukapita Mtwapa, mwendo wa kama kilomita 50 hivi unafika Kilifi mjini. Pale KEMRI na washirika wao wa Wellcome wamekuwepo tangu 1989. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021, ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na Kilifi ilikuwa mojawapo. Chanjo ya pili ya malaria, R21, iliyopitishwa 2023, nayo ilipitia Kilifi. Oktoba 2020, chanjo ya Corona ya Oxford na AstraZeneca ilianza kujaribiwa hapo hapo, na wahudumu wa afya ndio waliotangulia kutoa mkono. Yaani chanjo hizo zina damu ya watu wa Pwani ndani yake, watu wanaokula wali wa nazi kama sisi.

Sasa, hao watafiti wa Kilifi wanawapataje watu? Hapa ndipo palinipendeza kama mtu wa kompyuta. Tangu 2000 wana mfumo wa kuhesabu watu katika eneo lililo karibu na hospitali ya kaunti. Watu karibu 300,000 wamo. Wadodosaji wanapita nyumba kwa nyumba, wanauliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Mtoto akilazwa hospitalini, kompyuta inamuunganisha na nyumba aliyotoka. Hakuna apu ya kupakua. Ni watu wanaotembea kwa miguu na daftari la kielektroniki. Na kuna wawakilishi wa jamii waliochaguliwa vijijini, ambao watafiti hukutana nao kuelezwa watu wanasema nini na wanaogopa nini.

Sisi Bombolulu hatumo katika daftari hilo. Si kosa la mtu, mipaka ya mfumo huo haifiki huku. Lakini matokeo yake niliyaona nyumbani kwetu.

Nina binamu yangu mwenye selimundu. Anakaa nasi, mwakani atafikisha miaka 18. Wale wenye mgonjwa wa selimundu nyumbani hawahitaji kuelezwa: usiku wa manane anaanza kulia mifupa, shangazi anamkanda na maji ya moto, tunatafuta tuktuk ya kumpeleka Makadara. (Hospitali kuu ya Pwani ina jina refu la serikali, lakini sisi tumekua tukiiita Makadara, na dereva wa tuktuk ukimtajia lile refu atakuangalia tu.) Kipindi binamu yangu yuko shule ya msingi, kulikuwa na utafiti wa dawa ya hydroxyurea kwa watoto wenye selimundu katika vituo vinne Afrika: Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi. Watoto zaidi ya 600 walipewa dawa hiyo. Matokeo yalichapishwa mwanzoni mwa 2019: maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa karibu nusu, kuongezewa damu kukapungua, na vifo vikapungua.

Shangazi alikuja kusikia habari hizo miaka mingi baadaye, kwa mama mwingine, kwenye foleni ya kliniki. Huenda binamu yangu asingekubaliwa, pengine kwa umbali, pengine kwa vipimo. Hilo sisemi. Ninachosema ni kwamba hatukuulizwa, wala hatukujua kuna wa kumuuliza. Kilomita 50 na mwanya wa habari.

Kwa hivyo mtu akiniambia programu ya kuunganisha wanaojitolea na watafiti ni mchezo wa watu wa ng'ambo, namwambia aje akae na shangazi usiku mmoja.

Ng'ambo kwenyewe wanafanyaje? Marekani wana kitu kinaitwa ResearchMatch, kilichoanzishwa 2009 na Chuo Kikuu cha Vanderbilt kwa ufadhili wa serikali yao. Unajiandikisha bure, unasema umri wako, unakaa wapi, una ugonjwa gani au huna. Mtafiti akiingia haoni jina lako. Anaona tu kwamba wapo watu kadhaa wenye sifa anazotafuta. Anaandika ujumbe, mfumo unautuma kwa niaba yake. Wewe ukisoma ukapenda, unabonyeza ndiyo, na hapo tu ndipo anapewa jina na mawasiliano yako. Ukibonyeza hapana, au ukikaa kimya, hajui hata kama uliwahi kuwepo. Uingereza nao wana wao, Join Dementia Research, ulioanza 2015 kwa ajili ya maradhi ya kusahau yanayowapata wazee.

Kipande hicho cha katikati, pale jina linapofichwa mpaka mwenyewe aseme ndiyo, ndicho ninachokitaka kuliko vyote. Programu nyingine zote unaweza kuziandika kwa wiki mbili. Hicho kimoja ndicho kinachotofautisha msaada na balaa.

Manake Pwani tumeona balaa. Februari 2010, kundi la watu lilivamia kituo cha utafiti wa Ukimwi cha KEMRI pale Mtwapa, baada ya uvumi kuenea mjini kwamba kuna harusi ya wanaume. Watu walipigwa. Kituo kilikuwa kinahudumia watu ambao jamii haitaki kuwasikia. Fikiria siku ile angekuwepo mtu mwenye orodha ya majina kwenye simu yake, na nambari, na mtaa anaokaa kila mmoja. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu maisha ya watu hao, mimi siingii huko. Lakini orodha haichagui. Leo ni ya hao, kesho ni ya wenye kifua kikuu, kesho kutwa ni ya wasichana waliokwenda kupimwa. Mtaa wetu nyumba zimebanana, mtu akikohoa mara tatu jirani ashamuuguza. Jina likitoka kwenye utafiti halirudi.

Tena tumeona 2023, mambo ya Worldcoin. Watu walipanga foleni mpaka KICC Nairobi kuangaza macho kwenye lile dude la duara, ili wapate sarafu za kidijitali za thamani ya kama shilingi 7,000. Wakenya zaidi ya 350,000 walijiandikisha kabla serikali haijasimamisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe. Sheria ya Kulinda Data tunayo tangu 2019, na inaihesabu habari ya afya ya mtu kuwa nyeti. Lakini vijana walikuwa wameshapiga foleni, wameshaangaza macho, wameshanunua unga. Sheria ilikuja nyuma yao ikihema.

Nami siwalaumu waliopanga foleni. Shilingi 7,000 mtaani si mchezo. Ndiyo maana suala la pesa lazima tulizungumze wazi, si kwa kunong'ona.

Miaka michache kabla ya Corona, kulikuwa na utafiti Kilifi ambapo watu wazima 161 walikubali kudungwa vimelea vya malaria makusudi, wakakaa ndani chini ya uangalizi wa madaktari hadi wakatibiwa. Lengo lilikuwa kujua kinga ya mtu aliyekulia kwenye malaria inafanyaje kazi. Walilipwa fidia kwa muda wao. Mjadala ulizuka: hawa wamejitolea au wamevutwa na pesa? Mimi jibu langu ni kwamba yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja, siku moja. Mtu akiacha kibarua wiki tatu ni lazima alipwe. Kumnyima pesa eti ili ajitolee kwa moyo safi ni kumfanya maskini alipie utafiti kwa njaa yake. Ila pesa ikiwa ndiyo kitu pekee anachokijua kuhusu utafiti, hapo ridhaa yake ni karatasi tu.

Na hapa dalali ndipo anapopata riziki. Mshikaji wangu mmoja aliwahi kuingia utafiti kupitia mtu wa kati, mahali sitapataja. Nauli ya 1,000 aliyoahidiwa ilifika 600, nyingine imebaki kwa "aliyekuunganisha". Alipokuwa anaenda siku ya tatu, dalali yule yule akamwambia kuna utafiti mwingine, aingie huko pia, ila aseme hayumo popote. Akaingia. Dawa mbili za majaribio mwilini, hakuna daktari anayejua habari ya mwenzake. Alitapika siku mbili akasingizia viazi karai. Afrika Kusini vituo vya utafiti vinatumia mfumo wa alama za vidole kumzuia mtu kuingia majaribio mawili kwa wakati mmoja. Programu nzuri huku kwetu ingemuokoa mshikaji wangu mara mbili, na yule dalali na yale matapishi.

Jambo lingine, lazima programu iseme ukweli kwamba utafiti si matibabu. Unaweza kupewa kidonge kisicho na dawa ndani, wewe na anayekupa msijue, kwa sababu hivyo ndivyo inavyopimwa kama dawa halisi inafanya kazi. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kuulizwa. Na utafiti wa dawa nchini lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI na idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Ikiwa programu inaonyesha nambari ya kibali pale juu kabisa, kabla hata ya nauli, ule ujumbe wa WhatsApp ungeanguka mtihani wa kwanza.

Sasa nije kwenye simu zenyewe, eneo langu. Vijana wa teknolojia wa Nairobi wakisikia habari hii watakimbilia kutengeneza apu ya MB 80 yenye rangi nzuri na picha ya daktari anayetabasamu. Waje wakae kibandani kwangu siku moja. Mama anakuja na mulika mwizi, kibonyezo cha nambari tano kimezama. Kijana anakuja na simu kioo kimepasuka, nafasi imejaa, ananiambia "nifutie kitu chochote isipokuwa picha na WhatsApp." Bando ni la saa moja. Huyo hapakui apu ya utafiti. Lakini wote hao waliweza kujiandikisha SHA kwa kupiga *147#, au walisaidiwa na mtu wakajiandikisha. Basi njia ni hiyo. Msimbo wa kupiga, Kiswahili cha kueleweka, maswali matano, na jibu la ndiyo au hapana kwa ujumbe mfupi usiogharimu kitu. Ujumbe wenyewe usitaje ugonjwa, maana simu ya nyumbani kwetu inashikwa na watu wanne.

Na wahudumu wa afya ya jamii, wale CHP waliozinduliwa Septemba 2023 na mikoba yao na simu zao, wameshapita milangoni mwetu. Simu zile zina programu ya kuandika kila nyumba. Yaani nusu ya mfumo iko mtaani tayari, imevaa buti inatembea. Wengine watasema tuunganishe moja kwa moja, mtafiti achukue habari kutoka kwa CHP. Mimi nakataa. Mama anamfungulia CHP mlango kwa sababu ya mtoto wake, hamfungulii mtafiti. Siku akigundua habari zake zimeuzwa au hata zimegawiwa bure, mlango huo umefungwa, na chanjo ya mtoto imefungiwa nje. CHP anaweza kumwambia tu: kuna msimbo huu, ukitaka piga mwenyewe.

Kitu cha mwisho ni kile kinachoniudhi kuliko vyote. Majibu. Uliza mtaani mtu yeyote aliyewahi kutoa damu kwa utafiti: "Waligundua nini?" Atakuangalia kama umemuuliza hali ya hewa ya mwezini. Mshikaji wangu yule, nje ya kutapika kwake, hajui mpaka leo dawa ile ilifaa au haikufaa. Matokeo yako kwenye jarida la Kiingereza la kulipia, na yeye ndiye aliyetoa mshipa. Programu hiyo hiyo iliyomtafuta ingeshindwa nini kumtumia ujumbe miaka miwili baadaye, sentensi tatu za Kiswahili: tulitaka kujua hiki, tumepata hiki, ahsante? Inajua nambari yake. Ilimpata alipohitajika.

Bombolulu nje huko inajulikana kwa karakana ya walemavu, iliyoanzishwa 1969, ambapo wapo mafundi ambao polio iliwapitia utotoni wakatengeneza vito vinavyouzwa dunia nzima. Chanjo ya polio haikushuka na mvua. Mwaka 1954 wazazi Marekani waliwatoa watoto wao, zaidi ya milioni moja na laki nane, washiriki jaribio la chanjo hiyo. Mwaka uliofuata walitangaziwa matokeo hadharani, nchi nzima ikisikiliza redio. Watu walitoa watoto wao na wakapewa jibu. Mimi natamani mpangilio kama huo, wa mwendo wa matatu moja kutoka hapa.

Siku ya pili baada ya ule ujumbe, mwenzetu aliyetuma kitambulisho mbele na nyuma alipiga ile nambari kuuliza afike wapi. Ilikuwa imezimwa. Alijaribu tena jioni, akajaribu Ijumaa. Alikuja kibandani akaniuliza kama kuna njia ya kuivuta picha ile irudi. Nikamwambia WhatsApp ina sehemu ya kufuta kwa wote, lakini muda wake ulikuwa umeshapita.